Tulivyovuka Barabara ya Saigon

Usiku wa kuamkia leo nimeota tumefika Hanoi, mimi na dada Chiku, na pale uwanja wa ndege anayegonga mihuri ni mama.

Amekaa nyuma ya kioo na kitenge chake cha jikoni. Mbele yetu kuna foleni ya Wazungu na mabegi yao ya mgongoni, na kila mmoja mama anamuuliza kwa Kiswahili, anagonga, anampisha. Ilipofika zamu yetu hakuonyesha kama anatujua.

"Mnakwenda kwa mgonjwa?"

"Hapana," akasema Chiku.

"Msibani?"

"Hapana, mama."

"Mnafuata mzigo?"

"Hatufuati mzigo. Tunatembea tu."

"Mnatembea mnakwenda wapi?"

"Tutajua tukifika."

Mama akaweka muhuri chini. Maneno haya si ya ndotoni tu, nyumbani kwetu Kihonda yamesemwa wiki nzima. Dada Chiku anauza mikoba ya kike sokoni, China ameshakwenda kufuata mzigo, hilo mama analielewa. Ila safari hii anakwenda Vietnam hafuati kitu. Anaanzia juu kwenye ramani anashuka chini, mji utakaompendeza analala, usiompendeza anapita. Alhamisi anaondoka, peke yake. Mimi safarini simo, niko kidato cha tatu na nina mitihani. Ndoto haikujali mitihani.

"Mpango wenu uko wapi?" akauliza mama.

"Hatuna mpango."

"Bila mpango mtu haingii." Akainama chini ya meza, akatoa bata. Bata mdogo, ameloa, ana macho ya mtu aliyeamshwa. "Mpango wenu huyu. Msimfunge kamba, akifungwa anakufa. Anakokwenda ndiko mnakokwenda."

Chiku akacheka, akampokea. Mama akanigeukia mimi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye mtulivu. Umrudishe dada yako."

"Sawa, mama."

"Sijasema mrudi. Nimesema umrudishe."

Akagonga muhuri, na mlango ukafunguka moja kwa moja barabarani.

Bata alitangulia. Alikuwa anatembea kama mtu mwenye haraka ambaye hajui anawahi nini. Kwenye kona akasimama akatuangalia.

"Kwanza umri," akasema. "Huku mtu haitwi mpaka ijulikane nani mkubwa. Ndiyo unajua umwite dada, au mdogo wangu, au bibi."

"Mimi ishirini na sita," Chiku akasema.

"Kumi na sita," nikasema mimi, kwa sauti yangu ile ambayo darasani mwalimu huniambia nirudie.

"Mimi sijafikisha hata miezi miwili," akasema bata, "lakini ni mpango, kwa hiyo nawazidi wote. Salimieni."

Tukamsalimia. Goti langu likakunjika lenyewe. Ndivyo tulivyolelewa, mimi na Chiku: neno shikamoo na goti vinakwenda pamoja. Ukilisema tu, goti limeshakunjika. Chiku ana duka, ana wanaume wanaomwita bosi, na bado akikutana na mkubwa goti lake linashuka kama la mtoto.

"Haya," akasema bata. "Twendeni."

"Wapi?"

"Tutaona."

Hoteli ilikuwa nyembamba, upana wake ni mlango tu, ghorofa kwenda juu mpaka huoni mwisho. Pale mapokezi amekaa kofia ya pikipiki. Hana kichwa ndani. Akataka pasipoti, tukampa, akazimeza.

"Mtazipata mkiondoka," akasema.

"Tunaondoka lini?" nikauliza.

"Hilo mimi ndiyo nawauliza ninyi."

Chumba kilikuwa na vitanda viwili, na katikati yake reli. Chiku akauliza reli ya nini. Kofia akasema ya treni. Akauliza inapita saa ngapi. Kofia akasema jirani akianza kuanua nguo, ndiyo inakuja.

Jirani anaanua nguo. Mtaa mzima unainuka. Wanakunja meza za chai, wanabeba vistuli, bibi mmoja anavuta mguu wa mjukuu wake ndani, bila hata kukatisha mazungumzo. Sisi tunapandisha magoti kidevuni. Treni inapita kati ya kitanda changu na cha Chiku, ndefu, polepole, na madirishani wamekaa watu ambao hawaangalii nje. Mimi nahesabu kichwani majina ya watu wa nyumbani nisiogope. Treni inanasa shuka la Chiku. Shuka linavuta kitanda. Kitanda kinaanza kuondoka naye amelala juu yake, bado anacheka.

Nikaruka. Nilimshika kifundo cha mguu, na nilipotua hapakuwa na treni tena. Tulikuwa ndani ya basi la vitanda.

Vitanda vimepangwa safu tatu, juu na chini, kama rafu za duka. Konda alikuwa mfuko wa plastiki. Alikuja anaelea, akafungua mdomo.

"Viatu."

"Vya nini?" Chiku akauliza.

"Kwenu mnapanda kitandani na viatu?"

Tukavua. Mfuko ukavila, ukajifunga fundo.

"Tutavipata wapi?"

"Mnashuka wapi?"

Chiku akamwangalia bata. Bata akasema, "Tutaona."

"Basi na viatu tutaona," akasema mfuko.

Kitanda cha pembeni yangu alilala mzee, blanketi mpaka shingoni. Nikamsalimia. Hakuitikia. Nikadhani amelala, nikamsalimia tena taratibu.

"Usijisumbue," mfuko ukasema. "Huyo alikuwa wa kushuka Hue. Hakusema mapema."

"Hue bado?"

"Hue ilishapita."

"Na waliokuwa wanamsubiri?"

"Walisubiri," ukasema mfuko, ukaenda kwa abiria mwingine.

Nikainua kichwa nikaangalia safu zote. Blanketi mpaka shingoni, kitanda baada ya kitanda. Wote walikuwa na mabegi mazuri, na wote walikuwa na uso wa mtu aliyesema tutajua tukifika. Nikamgusa Chiku begani.

"Dada, turudi nyumbani."

"Acha uoga wewe. Bado miji mizuri yote iko mbele."

Lakini hakucheka aliposema. Na mguu wake, ambao nilikuwa bado nimeushika, ulikuwa wa baridi.

Danang kuna daraja lina joka juu yake. Basi likasimama hapo kwa sababu joka lilikuwa limelaza kichwa barabarani.

"Samahani," joka likasema. Lilikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua. "Leo siku gani? Jumamosi natoa moto, ndiyo kazi yangu. Siku nyingine mnapita tu. Ila mimi kalenda sina."

Dereva akageuka kutuuliza. Hakuna aliyejua. Chiku ana sheria yake, kwamba ukiwa safarini huangalii siku, maana ukianza kuangalia siku umeshaanza kurudi. Aliitangaza sheria hiyo nyumbani, mama akasonya. Sasa akawa anakuna kichwa.

"Nadhani Ijumaa," akasema.

"Unadhani?" joka likauliza.

"Tutaona," akasema bata.

Basi likapita. Nusu ya mbele, tulipokaa sisi, ilikuwa Ijumaa. Nusu ya nyuma ilikuwa Jumamosi. Niligeuka mara moja tu. Dereva hakupunguza mwendo, na mfuko ukapita kugawa maji ya kunywa kwa tuliobaki. Joka likaomba radhi kwa nyuma yetu mpaka sauti ikapotea.

Tukashuka Saigon asubuhi, miguu mitupu. Viatu hatukupewa. Mfuko ulisema umeshiba.

Chiku alikuwa amebadilika. Alikuwa anatembea nyuma yangu, na nyumbani hajawahi kutembea nyuma ya mtu. Nikamuuliza ana nini, akasema ana njaa. Kwenye kona palikuwa na mama mmoja na sufuria lake, na vistuli vya plastiki vya bluu, vile vidogo ambavyo mtu mzima akikaa magoti yanagusa masikio.

"Karibuni, wanangu," akasema. "Mna miaka mingapi?"

Tukamwambia, tukamsalimia, magoti yakakunjika, tukakaa.

"Una chakula gani?" akauliza Chiku.

"Mimi napika kitu kimoja. Huku kila mtu anapika kitu kimoja, maisha yake yote."

"Kitu gani?"

"Supu ya bata na tambi."

Wote tukamwangalia bata.

"Huyu ni mpango wetu," nikasema. Ilibidi nirudie, kwa sababu sikusikika.

"Kila anayekuja hapa ananiambia hivyohivyo, mwanangu."

Bata mwenyewe hakubisha. Alijitikisa maji, akapanda kwenye ukingo wa sufuria, akatuangalia kwa zamu. "Nilisema tutaona," akasema, akaingia.

Tulimla. Alikuwa na tangawizi na majani fulani ya kijani yenye harufu ya ndimu. Ninasema ukweli, alikuwa mtamu. Chiku alikunywa mchuzi wote, akaweka bakuli chini, akalitazama.

"Sasa tunakwenda wapi?" akauliza.

Tangu nimezaliwa sijamsikia dada yangu akiniuliza mimi swali hilo. Alikuwa mweupe midomoni. Nikamgusa mkono, ulikuwa kama kitu kilichotolewa kwenye friji.

"Nyumbani," nikasema.

"Ndege ziko pale ng'ambo," akasema mama wa supu. "Mnavuka tu."

Ng'ambo niliiona. Palikuwa na kioo, na nyuma yake mama, kitenge chake kilekile, muhuri mkononi. Alikuwa anafunga. Alikuwa anashusha pazia la dirisha, kidogo, kisha anatuangalia, kisha kidogo tena.

Katikati ndiyo palikuwa na barabara, na barabarani pikipiki. Sijui niseme ngapi. Zilikuwa kama maji ya mto. Moja imebeba friji, moja kioo cha kabati, moja familia na mtoto amesimama mbele, moja nguruwe watatu waliofungwa wanaongea kwa utulivu. Hakuna taa. Hakuna inayosimama. Hakuna hata nafasi ya kupitisha kidole.

"Tunavukaje?" nikauliza.

"Inuka kwanza," ikasema sauti chini yangu. "Siwezi kuongea nimekaliwa."

Ilikuwa kistuli. Nikainuka.

"Ukishaanza kuvuka, tembea," kikasema kistuli. "Mwendo mmoja, polepole. Usikimbie, usirudi nyuma, usisimame. Ukitembea wanakuona, wanakuzunguka. Wao wameshapiga hesabu ya pale utakapokuwa. Ukisimama hauko pale walipokuhesabia."

"Mtu akisimama inakuwaje?"

"Tunakwenda sisi."

"Ninyi nani?"

"Vistuli. Tunamwekea cha kukalia. Angalia."

Nikaangalia vizuri. Katikati ya barabara, kati ya pikipiki, palikuwa na watu wamekaa kwenye vistuli vya bluu. Wazee, wanawake, wasichana wenye mabegi. Pikipiki zinawapita huku na huku na upepo wake unawapeperusha nguo. Hawakuwa na huzuni wala nini. Walikuwa na uso wa watu kwenye benchi la hospitali.

"Wamekaa tangu lini?"

"Tangu waliposimama," kikasema kistuli.

Nikamshika Chiku mkono. Nikamwambia, "Dada, tunatembea. Hatusimami."

"Haya."

"Hata kidogo."

"Nimekusikia, Mwanne."

Tunashuka barabarani. Lami ni ya moto chini ya nyayo. Pikipiki ya kwanza inakuja usoni kwangu, ninafumba macho, inapita. Ya pili inapita. Kistuli kilisema kweli, zinatuzunguka, zinatupisha kama tuna harufu. Kioo cha kabati kinapita na ndani yake ninajiona nimemshika mkono mtu ambaye haonekani vizuri. Sitaki kufikiria hilo. Ninatembea. Ng'ambo mama ameshusha pazia nusu.

Tunaanza kupita waliokaa. Mzee mmoja ananiangalia na goti langu linataka kukunjika, maana ni mzee, na mimi sijawahi kumpita mzee. Ninauma meno. Bibi mmoja mwenye kofia ya majani. Ninauma meno. Kila mmoja anasubiri, kama wakubwa wanavyosubiri. Mkubwa haanzi. Anakaa, anakutazama, anangoja wewe uanze.

Kisha mkono wa Chiku unalegea.

"Mwanne," anasema. "Baba yule."

Ni yeye. Amekaa mbele yetu kwenye kistuli, magoti yako masikioni kwa sababu baba alikuwa mrefu. Amevaa shati lile la mistari alilotoka nalo asubuhi. Baba alifia barabarani pale Msamvu. Alikuwa anavuka, mtu wa ng'ambo akamwita, mzee Mbegu, habari za nyumbani, na baba akasimama katikati ya barabara ili ajibu. Yeye hakuwa mtu wa kujibu salamu anatembea. Alituambia tangu tukiwa wadogo kwamba salamu ya kutembea ni kumrushia mwenzio maneno kama unamrushia mbwa mfupa. Akasimama, akanyanyua mkono, akafungua mdomo ajibu njema. Pikipiki iliyokuwa inakuja ilikuwa imemhesabia mbele zaidi.

Ametuona. Anajipangusa shati. Anajifuta kiganja kwenye suruali, kama alivyokuwa anafanya tukirudi shule, kabla hajatupa mkono. Anakaa vizuri, anasubiri.

Pembeni yake kuna kistuli kingine. Hakijakaliwa, bado kina karatasi ya dukani.

"Tumsalimie," anasema Chiku.

"Tusisimame."

"Mwanne, ni baba."

"Najua."

"Nitasalimia tu natembea."

"Goti, dada."

Anajua. Mguu wake umeshaanza kupunguza mwendo, ninausikia mkononi, mwili wote unakuwa mzito kama mtu anayetaka kukaa. Pikipiki moja inapita karibu sana mpaka inachukua kitambaa cha kichwani mwake. Ya pili inapiga honi, na hapa hakuna aliyepiga honi tangu tuanze.

Mimi ni mtu ambaye kwa wakubwa nina neno moja tu. Wageni wakija nasema shikamoo, kisha nakimbilia jikoni. Hilo ndilo neno langu. Nikalibana chini ya ulimi. Nikamvuta Chiku kwa mikono miwili, nikamvuta kama unavyovuta mbuzi asiyetaka kutoka zizini, huku nimekaza magoti yote mawili kama nguzo. Tukampita baba karibu hivi, ningeweza kumgusa kola. Alikuwa bado ametunyooshea kiganja, kimefunguka. Sikumtazama usoni. Nilitazama kiganja.

Chiku alikuwa analia, lakini alikuwa anatembea.

Tulipokuwa tumeshampita nikasikia nyuma, kati ya honi na mingurumo, sauti yake, taratibu, ile ya kila siku.

"Marahaba," akasema.

Hakuna aliyekuwa amemsalimia.

Nikafika ukingoni, nikapanda, nikamvuta Chiku akapanda. Kiganja changu kikagonga kioo cha mama, na hapo nikaamka.

Kulikuwa kumeshakucha. Chiku alikuwa ameamka kabla yangu, ambalo si jambo la kawaida. Amekaa chini karibu na kitanda chake, mgongo kwangu, anapanga nguo kwenye lile begi lake jipya. Alikuwa anakunja blauzi moja, anaikunjua, anaikunja tena. Nikamwangalia muda mrefu. Alikuwa mzima, ana shingo, ana masikio, ana hina vidoleni. Nikajiambia, ndoto.

Mama akaingia na chupa ya chai. Tukamsalimia, akaitikia, lakini hakuiweka chupa chini. Alisimama nayo mlangoni.

"Nimemuota baba yenu," akasema.

Chiku akaacha kukunja.

"Siku nyingi hajanijia. Leo kaja, kakaa kitandani kwangu kwa chini, amenyong'onyea. Namuuliza, kulikoni? Ananiambia, wanao wamenipita njiani hawajanisalimia. Nikamwambia wanangu mimi? Hao hawawezi. Akasema wamepita, mdogo kamshika mkubwa mkono, wananiona, wanapita." Mama akatikisa kichwa. "Eti hana kinyongo. Anasema mkubwa atapita tena, atamkuta hapohapo alipo."

Huko nje mtu alikuwa anafagia.

"Sasa mimi naichukua kama ukumbusho," akasema mama. "Ijumaa tutamsomea dua. Na wewe Chiku, hiyo safari yako nimeshachoka kuibishia, nenda. Ila heshima uende nayo. Mtu mzima yeyote utakayemkuta huko, awe Mvietnamu awe nani, usimpite. Unasimama, unamsalimia. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Nilitaka kukimbilia jikoni. Magoti yalikuwa yananiuma, yote mawili, kama niliyakaza usiku kucha.

"Dada," nikasema.

Haikutoka vizuri. Nikairudia.

"Dada. Usisimame."

Mama akageuka. "Wewe Mwanne, tabia gani hiyo unamfundisha mwenzio?"

Chiku hakugeuka. Alikuwa ameshika ile blauzi kwa mikono miwili, na mabega yake yalikuwa yameganda. Nikangoja aniulize asisimame wapi.

Hakuuliza.